Bondi Ile Haikuwa Yangu

Nilionyeshwa bondi, ile karatasi ya dhamana, kabla ya kuonyeshwa mkataba. Ilikuwa Februari 2021, ofisini kwa mkandarasi mmoja kule Industrial Area, Nairobi, na mimi nilikuwa nasitasita. Kazi yenyewe ilikuwa tamu: kufunga umeme katika bweni la ghorofa nne la taasisi moja ya umma huko Eastlands, shilingi 4,200,000 kabla ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Lakini aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, na mimi nilikuwa nimeumwa na mwenye nyumba mmoja wa Ruai aliyehamia ndani kabla hajanilipa. Nikauliza: "Na wewe ukikosa kunilipa, nitamshika nani?"

Alifungua droo, akatoa karatasi yenye nembo ya kampuni ya bima, muhuri na sahihi mbili. "Mama, hii ni kazi ya serikali. Kazi ya serikali ina bondi. Mimi nikianguka, bima inalipa."

Niliona kiasi. Niliona tarehe ya mwisho. Sikuuliza inamlipa nani. Nikatia sahihi mkataba wa kurasa sita, na jioni ile nikawapigia vijana wangu simu waje Jumatatu.

Nieleze kidogo kazi ya umeme ilivyo, kwa sababu ndiyo inayofanya sabu wa umeme, yaani mkandarasi mdogo anayepewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu, awe mnyonge kuliko wengine. Mabomba ya kupitishia nyaya hulazwa juu ya vyuma kabla zege halijamwagwa. Maana yake pesa yangu huingia kwanza, halafu inazikwa. Aliyeleta milango anaweza, akikasirika, kusimama saitini na kutishia kung'oa milango yake (asifanye hivyo, atalala seli). Mimi nitang'oa nini? Slabu? Ikifika Aprili nilikuwa nimenunua mabomba, masanduku ya soketi na nyaya za kutosha hivi kwamba muuzaji wangu wa River Road alianza kuniita kwa jina la kampuni badala ya jina langu, na sehemu kubwa ya mali hiyo tayari ilikuwa ndani ya saruji.

Malipo ya kwanza yalikuja Juni, shilingi 1,400,000, na nikajiona mjanja. Agosti mkadiriaji majenzi alipima tena, sehemu yangu ikatoka 1,650,000. Mkandarasi akaniomba ankara haraka "ili faili lisikwame". Nikaitoa. Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha umeme: KRA, mamlaka ya kodi, haisubiri mtu alipwe. Ukishatoa ankara, VAT ya asilimia 16 inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Juu ya ankara ile ilikuwa shilingi 264,000. Nilipotoa kodi ya vifaa nilivyokuwa nimenunua, bado nilibaki na kiasi cha kulipa, nikakilipa kwa mkopo wa chama. Nililipia kodi pesa ambazo sijaziona mpaka leo.

Septemba hakuna kitu. Oktoba, "kesho kutwa". Vijana wangu nililazimika kuwalipa kila Jumamosi, kwa sababu fundi hali maneno. Nikauza pikapu. Tarehe 19 Novemba 2021, siku ya Ijumaa, tulifunga bodi ya umeme ya ghorofa ya tatu, nikawaambia wakusanye vyombo. Kazi yangu yote hadi siku hiyo ilikuwa ya shilingi 3,780,000. Deni lilikuwa 2,380,000, na ndani yake 378,000 ni ile asilimia kumi ambayo hushikiliwa hadi kasoro zirekebishwe.

Mkandarasi hakukataa deni, na hilo ndilo lililonichanganya. Alikuwa mpole kila nilipompigia: "Mama Umeme, wao hawajanilipa. Wakinilipa, wewe wa kwanza." Nikarudi kwenye zile kurasa sita nilizozitia sahihi kama mtu anayesaini kitabu cha wageni. Kifungu cha tisa kilisema sabu atalipwa ndani ya siku kumi na nne baada ya mkandarasi mkuu kupokea malipo yake kutoka kwa mwenye mradi. Yaani nilikuwa nimekubali kwa mkono wangu kuwa serikali ikichelewa, anayelala njaa ni mimi. Uingereza kifungu cha aina hiyo kilikatazwa na sheria ya ujenzi ya 1996, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika. Huku kwetu kimeandikwa katika mikataba mingi kama salamu.

Basi nikakumbuka bondi.

Machi 2022 nilivaa vizuri, nikaweka ankara, vipimo na mkataba katika bahasha ya kaki, nikapanda hadi ghorofa ya saba ya kampuni ile ya bima mjini. Dada aliyenihudumia alisoma kila karatasi bila haraka, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifanya. Kisha akaingiza namba ya bondi katika kompyuta, akanigeuzia kioo.

"Mama, soma hapa. Mnufaika ni nani?"

Ilikuwa jina la taasisi.

"Na hapa inasema tutalipa kama nani ameshindwa kufanya nini?"

Kama mkandarasi ameshindwa kutimiza kazi aliyopewa na taasisi. Jengo lilikuwa linaendelea. Umeme wangu ulikuwa unawaka hadi ghorofa ya tatu. Kwa macho ya bondi ile, hapakuwa na aliyeshindwa. Tena, huyo dada akaniambia kwa upole, kama ningefanikiwa kuushawishi uongozi wa taasisi uidai bondi, pesa zingeenda kwa taasisi zikamalizie jengo, si kwangu. Ni mkataba wa watu watatu: anayedhamini, anayedhaminiwa na anayenufaika. Mimi nilikuwa mtu wa nne niliyesimama mlangoni na bahasha ya kaki.

Alichonieleza siku ile ningekipata bure kama ningejua pa kutazama. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2015 inamtaka anayeshinda zabuni alete dhamana ya utendaji isiyozidi asilimia kumi ya thamani ya mkataba, kabla ya kutia sahihi. Dhamana hiyo ni ngao ya mwenye mradi. Sheria hiyo hiyo haimlazimishi mkandarasi mkuu kuleta bondi ya pili ya kuwalinda walio chini yake: sabu, wauza kokoto, wenye kukodisha mitambo. Mimi nilikuwa nimelichukua neno moja, bondi, nikalivisha nguo za mambo mawili.

Aliyenionyesha kuwa mambo hayo ni mawili kweli ni mdogo wangu. Yuko Marekani, Baltimore, anafanya kazi katika kampuni ndogo ya mabomba. Nilimpigia usiku ule si kwa ajili ya ushauri, nilitaka tu mtu wa kulia naye. Akanisikiliza, halafu akasema, "Dada, sisi tulidai bondi mwaka juzi na tukalipwa. Lakini ile ni bondi nyingine."

Nikamwambia rudia polepole.

Kampuni yao ilikuwa sabu wa sabu katika jengo la serikali kuu ya kule. Aliyewapa kazi akafilisika. Kwao kuna sheria ya 1935 iitwayo Miller Act, ambayo katika ujenzi wa serikali kuu inamtaka mkandarasi mkuu alete bondi mbili zilizo mbalimbali: moja ya utendaji, ya serikali, na nyingine ya malipo, ya walioleta nguvu na vifaa. Sheria hiyo, kama inavyosomeka siku hizi, inataja mikataba ya zaidi ya dola 100,000, na kanuni zimepandisha kiwango hicho. Bondi ya malipo kwa kawaida huwa sawa na thamani nzima ya mkataba, si asilimia kumi.

Sababu yake ilinigusa. Kule, fundi asiyelipwa katika jengo la mtu binafsi anaweza kuliwekea jengo lenyewe deni kisheria, liwe dhamana yake. Mali ya serikali haiguswi hivyo, kwa hiyo bondi iliwekwa mahali pa jengo. Na hawakuipata siku moja. Kabla ya 1935 walikuwa na sheria ya 1894 yenye bondi moja tu kwa wote, serikali ikila kwanza na fundi akisubiri makombo. Iliwachukua miaka arobaini na mmoja kuzitenganisha. Nilipolisikia hilo nilijisamehe kidogo. Kumbe hata wao walianza na mkorogo kama wangu.

Lakini usidhani kule pesa huanguka kama embe. Mdogo wangu alinieleza masharti, na nilimfanya ayarudie mpaka akachoka, kwa sababu nilikuwa natafuta ndani yake kosa langu mwenyewe. Aliye na mkataba moja kwa moja na mkandarasi mkuu husubiri siku 90 tangu alipofanya kazi ya mwisho. Asipolipwa, anaweza kushtaki juu ya bondi. Aliye ngazi ya pili, kama wao, lazima kwanza ampe mkandarasi mkuu notisi ya maandishi ndani ya siku 90 tangu siku yake ya mwisho ya kazi au ya kuleta vifaa, akitaja kiasi kwa usahihi wa kutosha na jina la aliyemfanyia kazi, na aipeleke kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokewa. Wote wawili, kesi ni kabla ya mwaka mmoja kuisha tangu siku hiyo hiyo ya mwisho, katika mahakama ya serikali kuu ya eneo la mradi. Wa ngazi ya tatu hana chake. Mahakama ya Juu ya kule ilishasema mwaka 1944 kwamba anayemuuzia muuza vifaa hafikiwi na bondi.

Na siku ya mwisho ni ipi? Hapo ndipo bosi wake alikaribia kuzama. Mwezi mzima baada ya kumaliza, walirudi kubadilisha vali moja waliyoifunga vibaya. Bosi akaanza kuhesabu siku 90 kutoka vali ile. Wakili wao akamwambia hapana: kurudi kurekebisha kosa lako si kazi mpya, hesabu inaanzia pale mlipomaliza kazi ya mkataba. Wakahesabu upya wakiwa wamebanwa. Barua ilimfikia mkandarasi mkuu siku ya 83.

Kuna jambo moja lililotuchekesha sote wawili katikati ya huzuni. Kesi ya aina hiyo hufunguliwa kwa jina la Marekani yenyewe, "kwa manufaa ya" fundi anayedai. Hebu fikiria karani pale mahakama ya Milimani akiita kwa sauti: Jamhuri ya Kenya, kwa manufaa ya Mama Umeme! Ningehudhuria hata kama nimeshindwa.

Alinionya pia nisije nikamwambia mtu kuwa "Marekani ni siku 90" na kunyamaza. Kazi ya shule au barabara ya jimbo hufuata sheria ya jimbo lenyewe. Wanaziita Miller Ndogo, na siku zake, notisi zake na vizingiti vyake hutofautiana. Kuna mahali unatakiwa kujitambulisha kwa maandishi mwanzoni kabisa, kabla hata hujajua kama utadhulumiwa. Na katika ile ya serikali kuu, kuna kinga niliyoionea wivu kuliko zote: haki ya kudai bondi haiachwi kwa sahihi inayotiwa kabla ya kazi. Kuiacha ni kwa maandishi, baada ya mtu kuwa ameshaleta nguvu au vifaa vyake. Yaani sheria ilishawahi kukaa katika ile ofisi ya Industrial Area, ikamwona mtu mwenye njaa ya kazi akisaini kurasa sita.

Nilirudi kwa mambo yangu. Wakili niliyempata, mama mmoja mkavu mwenye ofisi ndogo, hakunipa matumaini ya bure. Swali lake la kwanza lilikuwa kama taasisi ilinijua. Sikulielewa. Akafafanua: kuna sabu anayeteuliwa na upande wa mwenye mradi, na kuna sabu anayechukuliwa na mkandarasi mwenyewe kimyakimya. Aliyeteuliwa, katika mikataba ya ujenzi inayotumika sana nchini, malipo yake hutajwa kwa jina katika cheti cha malipo, na mkandarasi asipomlipa, mwenye mradi anaweza kumlipa moja kwa moja na kukata kwa mkandarasi. Mimi jina langu halikuwa popote. Vipimo vya umeme vilikuwa vyangu, lakini katika faili la taasisi vilisomeka kama kazi ya mkandarasi mkuu.

Nilikuwa nimepita pale getini kila asubuhi kwa miezi tisa, nikisaini kitabu cha askari.

Njia zilizobaki hazikuwa nyingi. Mahakama ya Madai Madogo huishia shilingi 1,000,000, na wakili alinikataza kulikata deni vipande ili liingie. Mahakama ya hakimu ingelichukua, ila mkataba wangu ulikuwa na kifungu cha usuluhishi, na mwenzangu angeweza kuomba kesi isimamishwe twende kwa msuluhishi, ambaye ada yake hulipwa na sisi. Kuishtaki taasisi? Sina mkataba nayo. Na hata mwenye hukumu dhidi ya serikali hapeleki dalali kubeba viti. Atachukua cheti cha amri, asubiri, kisha arudi mahakamani kuomba afisa mhusika ashurutishwe kulipa.

Kilichosaidia kilitoka mahali ambapo sikupatarajia. Wakili aliomba nakala ya masharti ya mkataba mkuu, akakuta kuwa mkandarasi hakuruhusiwa kugawa kazi kwa sabu bila kibali cha maandishi. Kibali hakikuwepo. Barua yake ya madai ilikuwa ya ukurasa mmoja, na chini kabisa iliandikwa kwamba nakala itapelekwa kwa taasisi baada ya siku saba. Siku ya tano simu ililia. Yule mtu mpole aligeuka mpole zaidi.

Tuliandikiana makubaliano mapema mwaka 2023: 1,400,000 kwa awamu saba za 200,000, na iliyosalia ijadiliwe. Awamu tano zilikuja. Ya mwisho niliipokea Oktoba mwaka huo, kisha kimya. Najua watu watakaoniambia nilikubali kidogo mno. Huenda. Wao hawakuwa wanadaiwa na muuzaji wa River Road ambaye amenilea tangu nikiwa na bisibisi moja.

Hesabu yangu bado ni shilingi 1,380,000. Huku kwetu deni la mkataba lina miaka sita kabla halijazimika, na wakili alinifundisha kwamba mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu yake, saa huanza upya. Kwa hiyo zile awamu tano zilinipa zaidi ya pesa. Risiti ya Oktoba 2023 naiweka pamoja na hati ya kuzaliwa ya mwanangu.

Siku hizi nikiletewa kazi ya umma naomba mambo ambayo zamani ningeona ni utovu wa adabu. Naomba kuona bondi, na kidole changu kinaenda kwenye neno mnufaika kabla hakijaenda kwenye kiasi. Naomba kibali cha mwenye mradi chenye jina la kampuni yangu. Kile kifungu cha kungoja mwenzangu alipwe nakifuta kwa kalamu, na kama hakifutiki, naongeza kikomo: akilipwa, au siku 45 baada ya ankara, lolote litakalotangulia. Mara mbili nimeomba mkandarasi alete dhamana ya benki yenye jina langu. Wa kwanza alicheka mpaka akafuta machozi. Wa pili alisema benki ingemtoza, akanipa malipo ya awali badala yake, nikaona ni sawa, tena bora. Kazi nyingine nimezikosa kwa sababu ya haya maswali. Na kila saiti nina daftari: tarehe, watu wangapi, tumefanya nini, nani alipokea. Siku ya mwisho huwa naizungushia duara.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa Kayole, fundi mzuri, nilimfundisha mwenyewe kukata nyaya. Amepata kazi ya mabomba katika kituo cha afya, ana mkataba mkononi, ana furaha. Tulikaa nje ya duka langu, nikamwagizia chai, nikasoma. Kurasa nne. Kifungu kile kile, safari hii ni cha sita.

"Umeuliza kama watakuandikisha kule kwa mwenye mradi?"

"Mama, nikianza kuuliza sana watampa mwingine. Wako wengi wanaongoja."

"Bondi wamekuonyesha?"

"Wamenionyesha," akasema, na uso wake ukang'aa. "Iko na muhuri na kila kitu."

Nilimwambia aiombe nakala aniletee kabla hajasaini. Akamaliza chai, akashukuru, akakunja karatasi zake vizuri. Wakati anazikunja niliona ukurasa wa mwisho. Sahihi yake ilikuwa tayari pale, kwa wino wa buluu.